Gari Lililoharibika kwa Kuoshwa

Kwa Mheshimiwa Mhariri,
Ukurasa wa Magari, gazeti letu la Jumamosi.

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Salamu nazitanguliza hapa juu kabisa, maana nikifika katikati ya barua sina hakika kama zitakuwa zimebaki.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, na kazi yangu ni fundi saa. Sikutajii kazi kwa kujisifu, bali ujue ni nani anayekuandikia. Mtu anayeshinda kutwa akitazama gurudumu dogo kuliko punje ya mtama hadanganyiki ovyo. Saa niliyowahi kuitengeneza ikirudi kibandani baada ya miaka, naitambua kwa mlio tu, mwenyewe hata hajaitoa mfukoni. Hilo naomba uliweke akilini unaposoma yafuatayo.

Mapema mwaka huu uliandika kwamba familia yenye busara hainunui sura, hununua gari la kawaida. Ukatuelekeza tutafute gari dogo la mtumba lenye milango mitano, injini ndogo, rangi ya fedha isiyoonyesha vumbi, na vipuri vinavyopatikana hata kwa muuza sabuni. Ukamalizia kwamba tukiliona limejaa kila mtaa, ndilo hilo. Makala ile niliikata kwa mkasi nikaibandika kwenye mlango wa jokofu.

Haikuwa rahisi. Mke wangu ni muuguzi, na alichotaka ni kitu cha kumfikisha zamu bila maneno mengi. Kaka yake anauza mabati, lakini sote tunamwita Injinia kwa sababu hapiti kando ya gari bila kulipiga teke tairi na kutikisa kichwa. Yeye alitaka tununue dude la viti saba. Sisi tuko wanne: mimi, mke wangu, binti yetu na mama mkwe. Viti vitatu vya ziada nadhani alikuwa ameshajigawia. Nilisimama sebuleni nikakusoma kwa sauti mpaka koo likakauka. Mwishowe mke wangu akasema sawa, nichague mimi, lakini gari likianza vituko, basi kila kitakachonunuliwa humu ndani kikubwa kuliko ufagio kitaamuliwa na Injinia. Nikakubali, kwa kuwa nilikuamini.

Sasa sikiliza yaliyonikuta.

1. Mafuta. Uliandika kwamba gari hili "hunusa tu". Siku za mwanzo, kweli, lilikuwa linanusa, nami nikawa nakusifia mpaka kwa wateja. Siku hizi linakunywa kama limetoka kula chumvi. Kijana wa kituo cha mafuta ananipungia mkono nikiwa bado mbali.

2. Kuoshwa. Hapa ndipo penye shina la ugomvi wetu. Gari lilikuwa salama hadi Jumapili ile mke wangu aliposema anaona aibu kulipeleka hospitali likiwa na matope. Nikalipeleka kwa vijana wanaoosha magari nyuma ya soko. Nikakuta foleni, na karibu magari yote yalikuwa madogo, ya milango mitano, ya rangi ya fedha, kwa sababu inaonekana si mimi peke yangu ninayekusoma. Funguo pale hutundikwa kwenye misumari. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, kijana akanitupia ufunguo akasema, "Lile pale mzee, linang'aa kama sahani." Nikaondoka nalo. Kabla sijafika nyumbani lilikuwa limeshabadilika tabia. Nikikata kushoto, honi inalia yenyewe. Asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe, na anayelisukuma ni binti yangu akiwa na sare ya shule. Kioo cha upande wa abiria kimeshuka na kimegoma kupanda. Nimelitafakari jambo hili kitaalamu na jibu nimelipata: ule uchafu ndio uliokuwa umeshikilia mambo. Katika makala yako yote, Ndugu Mhariri, hukuandika hata mstari mmoja kutuonya kwamba gari la mtumba halioshwi.

3. Buti. Ulisema buti lake ni pana. Lingekuwa pana kama lingekuwa letu peke yetu. Tangu lile josho, humo ndani nimekuta boksi la chaki, filimbi, mpira usio na upepo na ndala moja ya mguu wa kushoto. Sisi hatuna mpira. Nadhani ni vitu vya aliyekuwa na gari kabla yetu, vilivyokuwa vimejificha chini ya zulia na maji yakavifukua. Na wakati gari linatapika mali za watu, zangu linazimeza. Lenzi yangu ya jicho, ile ninayoipachika nikifungua saa, niliiacha kwenye kisanduku cha mbele, na sasa haipo. Ile lenzi niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi. Nimepekua mpaka chini ya viti. Kwa hili, kusema kweli, nimeumia.

4. Hili ni la kukushukuru, lakini naliweka kwenye malalamiko kwa sababu sitaki uvimbe kichwa. Nikipita na gari hili karibu na shule, wanafunzi huchomekea mashati haraka na kusimama wima. Juzi kijana mmoja aliruka mtaro kunipisha. Inaonekana fundi saa bado ana heshima yake mjini.

5. Macho ya mama mkwe. Mama anaona kwa shida, na sisi tunaelewa, umri umekwenda. Lakini tangu gari lioshwe ameshikilia neno moja: "Hili si lile gari." Anasema lile lilikuwa na kishikio juu ya mlango cha kujivutia wakati wa kupanda, na hili halina. Nikamweleza kwa upole kwamba kishikio kimeng'oka kwa brashi. Akasema kiti cha lile kilikuwa kinampokea, hiki kinamchoma kiunoni. Nikamweleza habari za sponji kuingia maji. Akasema hata harufu ni nyingine. Mke wangu, ambaye akitoka zamu hupanda gari akiwa ameshaanza kusinzia, alimwambia, "Mama, tutakupeleka ukapimwe macho." Tangu siku hiyo, akitaka kupanda, kwanza anagonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi ugenini. Inatutia simanzi sote. Kama unamfahamu daktari mzuri wa miwani, tafadhali niandikie.

6. Shemeji yangu Injinia. Huyu amekuja kulikagua gari mara tatu, na kila mara anakula kwetu. Alifungua boneti, akalala chini, akapiga teke matairi yote pamoja na lile la akiba, kisha akatoa uamuzi mbele ya mke wangu: "Gari ni lilelile. Limezeeka tu kwa ghafla." Baada ya hapo akachomoa picha ya lile dude la viti saba, akaibandika kwenye jokofu juu ya makala yako. Mke wangu ananipa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, nikitaka kununua hata birika, itabidi nimpigie simu muuza mabati. Ndugu Mhariri, mimi ni mtu mzima na nina familia. Wewe uko salama ofisini, picha yako ya gazetini inacheka kila Jumamosi, na mimi nyumbani kwangu nakaribia kuwa mgeni.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nayo si makubwa. Kwanza, umwandikie mke wangu barua yenye muhuri wa gazeti, ukiri kwamba kosa ni lako na mimi sikuchagua vibaya, nilisoma vibaya tu, au hapana, nilisoma vizuri ulichoandika vibaya. Pili, utangaze kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kuosha gari la mtumba. Wataalamu wakague uchafu wa kila gari na kuupa cheti, na atakayekutwa na ndoo karibu na gari la namna hiyo ajieleze. Tatu, mpaka hayo yatekelezwe, uwe unakuja mwenyewe asubuhi kulisukuma, maana binti yangu anafika shuleni akiwa amelowa jasho na wenzake wanamcheka. Njoo na viatu vya kushika, kwetu kuna kilima.

Naona salamu zimebaki kidogo. Mpe mkono mchora katuni, mpe mkono anayetunga fumbo la maneno, na wote wanaokesha mitamboni ili tupate la kusoma na chai. Hata yule anayekuhariri wewe, kama yupo, msalimie na umwambie aongeze bidii.

Ni mimi msomaji wako, mwenye huzuni lakini mwenye macho makali,

Fundi Saa,
kibanda cha chini ya ngazi, mkabala na duka la vitambaa.

N.B. Usimwandikie mke wangu. Nilikuwa nalamba bahasha alipoingia kibandani mwalimu mmoja, mikono ya shati imejaa chaki. Kabla hajakaa akaanza kumsimulia kila mtu jinsi gari lake lilivyopona kwa kuoshwa: honi imetulia, mafuta linanusa tu, ila limempotezea filimbi. Akasema anakuandikia wewe barua ya shukrani. Kisha akatoa mfukoni kidude alichokikuta kwenye kisanduku cha mbele, akaniuliza kama mimi, kwa kuwa ni fundi wa vitu vidogo, naweza kujua ni cha nini. Ilikuwa lenzi yangu. Nikaipachika jichoni, nikatoka nje, nikasoma namba za magari mawili yaliyosimama pale, kwa mara ya kwanza tangu tununue gari.

Basi malalamiko yote hapo juu ni ya gari la Mwalimu, na shukrani zake zikikufikia, ni zetu. Mke wangu nimemweleza mwenyewe. Akasema, "Kuchagua ulichagua vizuri, baba. Ulichochagua ndicho hukukijua." Injinia alikuwepo, akakumbuka ana mzigo wa mabati unamsubiri, na kwa haraka akasahau picha yake kwenye jokofu.

Mama mkwe alitoka nje polepole, akashika kishikio cha juu ya mlango, akakaa, akasema, "Eeh." Funguo alizidai palepale na amezifunga kwenye pindo la nguo yake; anayetaka kwenda mahali anakwenda kwanza kumwomba. Vyote vikubwa kuliko ufagio, sasa anaamua yeye.

Daktari wa miwani bado tunamhitaji. Wagonjwa ni watatu: mimi, mke wangu na Injinia. Mama atatusindikiza, maana mtu wa kutuonyesha gari ni lipi hatuna mwingine.