Kuku Waliokunywa Kahawa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejitia kitanzi mwenyewe. Kikaoni Mama Mhariri aliuliza nani atahamisha makala za blogu yetu ya wafugaji wa kuku kwenda kwenye tovuti mpya. Miwani, fundi wetu wa kompyuta, akasafisha koo. Nikamuwahi! Nikasema hiyo kazi ndogo, nitazivuta kwa API. Sijui API ni kitu gani. Nimemsikia tu Miwani akiitaja kwa ile sauti yake ya kujiona.

Mama Mhariri akasema sawa, ila nisisahau kwamba zile makala ndiyo kazi ya maisha yake, ameanza kuziandika hajaota mvi hata moja. Zikipotea, nami nipotee. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nimesoma mchana kutwa. Kumbe API ni kama dirisha la duka! Huingii stoo. Unasimama nje, unataja unachotaka, unaletewa. Ufunguo wa kuombea ninao. Miwani atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Mungu wangu. Nimeomba makala zote. Zimekuja kumi. Nikaomba tena. Kumi zilezile! Mle kulikuwa na makala mia tatu na ushee. Nimezifuta? Nilibonyeza nini? Kuifungua blogu yenyewe nihakikishe, sithubutu. Ya nini nikaione maiti kwa macho yangu?

Mama Mhariri kapita mezani kwangu, akauliza mambo yanakwendaje. Nikasema yanakwenda. Sikudanganya, yamekwenda kweli.

Halafu nikapata mpango. Makala zake nimezisoma mwaka mzima. Nitaziandika upya kutoka kichwani na kuzirudisha kupitia dirisha lilelile, kwa jina lake, na tarehe za zamani. Nani atajua? Kuku ni kuku.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudisha saba. Nyingine nazikumbuka nusunusu. Ile ya kuku wanaozubaa, nakumbuka kulikuwa na kijiko cha kitu cheusi. Nimeweka kahawa.

Miwani akaja kunichungulia kabla sijaikinga skrini kwa kifua. Akaziona zile kumi. Akatabasamu, akaniuliza taratibu kama nimeangalia ukurasa wa pili. Kisha akaenda zake! Ukurasa wa pili wa nini? Nikawaza, nikawaza, nikautoa mkataba wangu wa kazi kwenye droo. Ukurasa wa pili, juu kabisa: Kuachishwa Kazi kwa Uzembe.

Anajua! Anajua kila kitu, na ananitisha kistaarabu, mshenzi yule. Kila mlango ukifunguliwa naruka.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi kapiga simu. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii, ni shoga yake Mama Mhariri, na kuku wake anawapenda kuliko anavyonipenda mimi, mtoto wa kaka yake. Akasema kuku wake walikuwa wanazubaa, akatafuta makala ya bosi wangu, akawapa kahawa kama ilivyoandikwa. Sasa jogoo hanyamazi, na mitetea wanazunguka bandani kama wamepoteza funguo. Hawalali, hawatagi. Atampigia Mama Mhariri amuulize vizuri.

Nikamsihi asimpigie. Nikasema Mama Mhariri anaumwa. Akasema maskini, basi kesho atakuja ofisini kumpa pole. Nimekwisha!

Nikaona heri nimwangukie Miwani. Nikamwomba asinichongee, nina familia. Sina, lakini ningeweza kuwa nayo. Nikamwonyesha ukurasa wa pili wa mkataba. Akanitazama. Akacheka mpaka akaivua miwani akaipangusa. Akasema alikuwa anazungumzia kurasa za API. Makala huletwa kumi kumi. Ukitaka zinazofuata, unaomba ukurasa wa pili, wa tatu, hadi mwisho. Akabonyeza. Zikaja kumi nyingine, na nyingine, na nyingine. Hakuna kilichopotea tangu mwanzo! Nilitaka kumkumbatia. Nikajizuia, angevimba kichwa.

Akauliza kama kuna kitu kingine nimegusa, anisaidie kurekebisha. Nikamwambia hakuna, kwani mimi mtoto?

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na hofu moja tu: zile saba za uongo zitoke kabla shangazi hajafika. Kumbe rahisi! Dirisha linaloleta makala ndilo linalofuta. Miwani akashauri nitunze nakala kwanza kabla ya kugusa chochote. Wivu tu. Zile saba zote nilizitia jina la Mama Mhariri, kwa hiyo nikaagiza kila makala yenye jina lake ifutwe. Na sikusahau kurasa! Ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi safi.

Shangazi kaingia na chupa ya uji wa mgonjwa. Mama Mhariri akashangaa, mgonjwa gani? Maneno yakafika kwenye kahawa. Mama Mhariri akasema hajawahi kuandika upuuzi huo, akaifungua blogu mbele yetu sote amwonyeshe. Skrini ikabaki nyeupe. Akaketi. Machozi yakamtoka. Shangazi akamshika bega. Miwani akanigeukia mimi, mdomo wazi.

Mimi nimetulia tuli. Wiki nzima sijawahi kuwa na amani hivi. Nikamwambia Mama asijitie presha bure, na aache kulia: aangalie ukurasa wa pili.