Birika la Behewa la Chakula

Jumatatu, 6 Mei
Binti yangu ataendesha treni Jumapili. Naandika tena nijisomee vizuri: binti yangu, niliyemzaa mimi, ataendesha treni. Wamelikarabati lile behewa la chakula la zamani. Wageni watakaa humo wanywe chai mpaka darajani na kurudi, yeye mbele kwenye injini. Nimemwambia muuza mkaa. Nimemwambia fundi cherehani. Mama wa duka la dawa alisema nilishamwambia asubuhi. Nikamwambia asikilize tena.

Sasa, vyombo vya meza hawana. Vya zamani vilitupwa, na nani amevikusanya miaka yote kwa wauza vyuma chakavu huku akichekwa? Mimi. Birika, bakuli la sukari, vijiko, vyote vimepakwa fedha, vyote vina nembo ya reli. Chai ya treni ya mwanangu lazima imiminwe kwa birika langu.

Tatizo ni wifi. Dada wa mume wangu naye anakusanya, alianza baada ya kuniona mimi. Alhamisi mtu wa makumbusho ya reli atakuja kuchagua, vyake au vyangu.

Jumanne, 7 Mei
Nimepeleleza. Nilikwenda kwa wifi kujifanya naazima chujio. Vyombo vyake vyeusi kama masizi. Nikauliza mbona hasugui. Akasema fedha haitaki kuguswaguswa, yeye hufuta kwa kitambaa laini, basi. Nikamwambia kweli kabisa wifi yangu, usijisumbue. Nimerudi na furaha, chujio nimelisahau.

Mpango: vyangu ving'ae mpaka mtu aweze kujinyolea humo. Majivu, limau, na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Mume wangu anasema nitajiumiza. Nikamwambia mkono ni wangu, mtoto ni wetu.

Jumatano, 8 Mei
Makubwa. Nilikuwa nasugua birika, fedha ikaanza kutoka, chini yake kikatokea kitu cha njano. Nikakaa chini. Dhahabu! Kumbe wakubwa wa reli waliificha ndani ya fedha wezi wasijue. Nimesugua na vijiko. Dhahabu tupu.

Mume wangu ameangalia, akasema hiyo ni shaba, hata koki ya bomba letu ina rangi hiyohiyo. Wivu umeanzia humuhumu ndani.

Alhamisi, 9 Mei
Mtu wa makumbusho amekuja. Kijana mpole. Nilipofunua kitambaa alitoa macho, nikajua ameduwaa. Akageuza birika, akageuza kijiko, akauliza nembo iko wapi. Nikamwambia nimeisugua ikaisha, ilikuwa inashika uchafu. Akaomba maji ya kunywa.

Akasema, mama yangu, fedha ilikuwa utando mwembamba tu juu ya shaba, na ukitoka umetoka. Bila nembo hawezi kumwonyesha mgeni kwamba vyombo ni vya behewa lile. Akaenda kwa wifi. Amechagua vya wifi, vyeusi hivyohivyo.

Shaba, eti. Vijana hawa wanasoma mpaka macho yanachoka.

Ijumaa, 10 Mei
Sijala. Binti yangu alipita na sare yake, imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Nikamwambia siendi Jumapili. Watu wanywe chai ya birika la shangazi yako, mimi nikae pale kama mpita njia? Alicheka, akaacha alipoona sicheki. Akasema mama, hilo birika siwezi hata kuliona nikiwa kwenye injini, lakini nikijua wewe hupo nitaendesha vibaya. Kisha akachukua kijiko changu kimoja, akakitia mfukoni. Akasema ndicho kitakachokoroga chai yake kule mbele.

Nimekula, na nikaongeza. Vijiko vya wifi vitakaa na abiria. Changu kitakaa na dereva.

Jumapili, 12 Mei
Aliondoa treni taratibu hadi chai haikutikisika kikombeni. Behewa zima nimelitangazia anayeendesha ni nani. Mzee mmoja wa meza ya nyuma aliniambia amesikia, nikamwuliza amesikia sehemu gani.

Wifi alikaa mbele yangu, birika lake jeusi katikati yetu. Watu wakalisifia nembo. Nikajikaza. Tulipofika darajani binti akapiga honi, wifi akaanza kulia, akasema wifi yangu, tumezaa dereva. Akasema tumezaa! Nikamsamehe uigaji wake wote hapohapo.

Tuliposhuka, wifi miguu ilikuwa imemvimba. Nikamwambia aende akapumzike, vyombo nitabeba mimi nikavioshe. Akanikumbatia, akasema mimi ni zaidi ya ndugu.

Viko hapa jikoni. Maskini, vyake bado vimefunikwa na fedha, dhahabu haijachungulia hata kidogo, na hana mtu wa kumwambia. Mume wangu ameuliza majivu yote haya ni ya nini. Nimeshaanza na birika.