Maji Niliyoyakataa Mbele ya Padri

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Tena kwenye kipaza sauti.

Mnanijua: nina pumu, na ndimi ninayewaelekeza wagonjwa wote hapa mtaani namna ya kutumia pompe, kile kichupa cha kuvuta chenye dawa mbili ndani. Asubuhi na jioni, hata siku unapojisikia mzima. Toa pumzi, bana midomo, bonyeza huku ukivuta polepole, shikilia kidogo. Kisha sukutua kinywa kwa maji, uteme. (Nafundisha vizuri, sivyo?)

Lakini mimi ni mwanakwaya, na misa ya asubuhi sikosi. Maji kabla ya komunyo? Hapana! Kwa hiyo kila jioni nilisukutua, kila asubuhi nikamwachia Mungu. Siku za karibuni sauti ilianza kukwaruza. Nikasema ni vumbi.

Leo mdogo wangu Béatrice alikuwa anafunga ndoa. Marehemu mama alikuwa na zaburi yake, aliyoiimba akikausha samaki. Béatrice aliniomba jambo moja tu: niiimbe kanisani mahali pa mama. Hakutaka mbuzi wala kitenge cha pagne. Zaburi tu.

Asubuhi nikauogopa ule mkwaruzo. Nikavuta dawa yangu ya kawaida, kisha nikaongeza, na nikaongeza tena, eti sauti ifunguke. (Dawa hii haiongezwi hivyo. Mwulizeni mwalimu wenu.) Nikafika kanisani moyo unadunda, karatasi inatetemeka mkononi kama niko ndani ya pirogue, mtumbwi wetu, kwenye maporomoko.

Nikafungua kinywa. Ikatoka sauti ya injini ya baleinière, boti letu la mbao, inayokataa kuwaka. Nikajaribu tena. Krrr!

"Mumupatie mayi!" mama mmoja akaita kutoka nyuma.

Chupa ya maji ikapita benchi kwa benchi hadi kwangu. Nami, mtakatifu, nikaisukuma kando. "Hapana, niko nafunga juu ya komunyo."

Padri akainamia kipaza sauti chake. "Papa Dieudonné, kunywa. Mayi haivunjake kufunga. Dawa pia haivunjake. Nani alikuambia?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata bwana harusi!

Nikanywa. Krrr.

Ndipo Béatrice akageuka, akafunua shela, akaiimba mwenyewe zaburi ya mama, machozi yakimtiririka. Mimi nilisimama pembeni na chupa yangu.

Baada ya misa, tantine, shangazi yetu ambaye ni muuguzi, akanimulika kinywani kwa simu mbele ya wageni wote.

"Mawe, mama wee! Ndani iko mweupe kama fufu. Unasukutuaka?"

"Jioni, tantine."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi... komunyo, tantine."

"Bon. Dawa yenye kubakia mu kinywa njo inaleta hii fangasi. Pompe usiache, na usiongeze. Kesho unakuja kwa daktari, akupatie dawa ya hii kinywa. Na mayi, papa! Mayi!"

Béatrice akanikumbatia. "Yaya, kaka yangu, si wewe njo ulitufundishaka kusukutua?" Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angenipiga kwa shada lake la maua.

Sauti itarudi, tantine anasema. Harusi ya mdogo wangu hairudi.

Basi, nawaomba, msinicheke. Na mkishindwa kabisa, chekeni mkiwa mmeshasukutua.