Kuhusu Bega Langu Lililopona Bila Kibali

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Fidia za Ajali,

Salamu nyingi, nikitumaini u mzima wa mabega yote mawili. Mimi ndimi yule kinyozi wa jalada namba 317, ambaye miaka mitatu iliyopita lori la magodoro lilirudi nyuma likaingia dukani kwake bila kupiga hodi. Magodoro arobaini na mawili yaliniangukia nikiwa katikati ya kumnyoa mteja, na bega langu la kulia likateguka. Nilifungua madai wiki ileile. Tangu hapo sheria imebadilishwa mara nne, na kila ikibadilika mimi ndiye ninayezidi kuonekana mkosaji. Naomba uniruhusu nilalamike kwa mpangilio.

1. Kifungu kipya cha vitu laini. Zamani mtu akiumia aliulizwa ameumia wapi. Siku hizi anaulizwa ameangukiwa na nini, na godoro limewekwa kwenye orodha ya vifaa vya mapumziko. Kwa hiyo katika jalada langu neno "ajali" limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa kwamba nilipumzika ghafla. Mheshimiwa, nimepumzika mara nyingi maishani, lakini sijawahi kupumzika mpaka nikabebwa na watu wanne kupelekwa hospitali.

2. Mgawanyo wa makosa. Sheria mpya inataka kila majeruhi abebe sehemu yake ya kosa. Afisa wako, mtu mpole ambaye sina ugomvi naye, alinipa asilimia thelathini kwa kuupa mgongo mlango. Nikamweleza kuwa kinyozi hutazama kichwa anachokinyoa, si mlango. Akaongeza kumi kwa kosa la kufungua duka siku hiyo. Nikaaga kabla hajafika kwenye kuzaliwa kwangu.

3. Shahidi. Mteja niliyekuwa namnyoa ni mwalimu wa hesabu, na ndiye pekee aliyeona kila kitu. Kanuni mpya inasema shahidi afike akiwa katika hali aliyokuwa nayo wakati wa tukio. Wakati wa tukio alikuwa amenyolewa upande mmoja. Kwa uungwana wake, mwalimu huyu amekaa nusu upara miaka yote mitatu. Kila Ijumaa huja dukani nikamnyoa upande wa kushoto, kwa mkono wangu wa kushoto, na nywele za upande wa kulia sasa zimefika begani. Mwanzoni wanafunzi wake walicheka. Siku hizi wanamtumia kujifunzia nusu na robo. Mchumba wake amekubali kuolewa kwa sharti kwamba picha zote za harusi zipigwe kutoka upande mmoja, ila mpaka leo hawajaafikiana ni upande upi.

4. Na hili ndilo linaloniuma kuliko magodoro. Marekebisho ya mwisho yanataka jeraha liwepo siku ya kusikilizwa. Shauri langu limeahirishwa mara tisa. Baada ya mara ya tano bega lilipona, bila kunishirikisha wala kuomba kibali cha idara yako. Nimelikanya. Nimeufunga mkono kitambaa shingoni na kulinyima bega kazi zote, lakini nikijisahau kidogo tu linajinyoosha.

Wakati huohuo mmemleta mkaguzi mwenye kamera, anayeshinda kwenye kibanda cha muuza magazeti ng'ambo ya barabara, akingoja niinue kitu. Simlaumu, ni kazi yake. Lakini binti yangu amejifungua, Mheshimiwa. Mjukuu wangu ana mwaka na miezi miwili, na sijambeba hata siku moja. Mke wangu humnyanyua hadi usoni kwangu, nikambusu kama karani anayegonga muhuri, kisha humrudisha chini. Mtoto amekwisha kuzoea kwamba bibi ni wa kubeba na babu ni wa kutazama. Mke wangu anasema nimekuwa picha ya ukutani. Binti yangu sasa humpitisha mtoto mbele yangu na kumkabidhi mama yake.

Utaniuliza kwa nini nisiyafute madai. Siwezi. Nikiyafuta, jalada litabaki likisema nilipumzika, na mimi niliumia.

Kwa hiyo naomba mojawapo ya haya mawili. Ama idara ilitegue upya bega langu asubuhi ya kusikilizwa, kwa godoro lililokaguliwa na kupigwa muhuri, na ile asilimia arobaini ya kazi nitaifanya mwenyewe. Ama nipewe ruhusa ya kumbeba mjukuu wangu robo saa kila Jumapili, mbele ya mkaguzi, na kubeba huko kuandikwe kuwa ni kupumzika ghafla.

Nisalimie makarani wote, mlinzi wa getini, na dereva wa lori kama mtaonana naye. Mwalimu naye anawasalimu, kwa upande wake mmoja.

Wako katika maumivu yanayoendelea kwa mujibu wa sheria,

Kinyozi wa jalada namba 317

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Nilipokuwa natafuta stempu, mjukuu wangu alipanda kile kiti cha kunyolea kinachozunguka, nacho kikazunguka. Sikumbuki kukivua kitambaa. Nilimdaka kwa mikono yote miwili kabla hajafika sakafuni, nikamrusha juu, kisha nikamrusha tena bila sababu yoyote, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mkaguzi wako alipiga picha kumi na moja. Najua jalada limekwisha. Lifungeni, na mwandike mnavyotaka. Mwalimu yuko kwenye kiti sasa hivi, namalizia upande wa kulia. Ila nakuomba picha moja tu kati ya zile kumi na moja, kwa sababu nyumbani hatuna hata moja nikiwa nimembeba.