Perege Wangu na Unga wa Mbaazi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo mimi, Arsenio, mfugaji wa perege hapa Ufukoni, nimeachana na unga wa dagaa. Rasmi! Unanuka, unaadimika, na paka wa mtaa mzima wamehamia stoo kwangu. Bi Beatrice, afisa uvuvi, alitufundisha kwenye semina kwamba samaki anaweza kupata protini kwenye mimea. Nusu ya pili ya somo sikuisikia vizuri. Chai ilikuwa imefika.

Nimesaga mbaazi, mashudu ya alizeti na majani ya mlonge. Kijani chake, mashallah! Jumamosi anakuja shemeji Odete, dada wa mke wangu Neusa, kuchagua samaki wa mgahawa wake wa Madimba: wangu, au wa jirani Gideoni. Shemeji hataki maneno. Anarusha chakula bwawani. Samaki wakirukia, anachukua. Gideoni bado analisha dagaa. Masikini wa Mungu.

Jioni nikawapa. Wakaja wote. Wakaonja. Wakatema.

Jumanne, 5 Agosti

Ni ugeni tu. Asubuhi nilikinyunyizia chakula maji ambayo Neusa ameoshea dagaa. Huo si unga wa dagaa. Ni manukato.

Wakaja mbio! Wakatema kwa mbio zilezile.

Gideoni alikuwa ameegemea uzio, kana kwamba bandarini anakofanya kibarua hakuna kazi. Akauliza kama perege wangu wamefunga Kwaresima. Nikamjibu kwamba samaki wenye hadhi huchagua. Akacheka mpaka bata wake wakatawanyika. Bata wenyewe wabaya, wana kelele kama yeye.

Alhamisi, 7 Agosti

Bi Beatrice amepita. Akauliza kama mbaazi nilizichemsha kabla ya kusaga. Nikasema bila shaka, huku nikitazama mawingu. Akaeleza kwamba mbaazi mbichi zinawasumbua samaki tumboni, na kwamba dagaa hawaondolewi kwa mkupuo: unapunguza kidogo, unaongeza mimea kidogo, samaki wazoee. Neusa akawa anaitikia "ehee" kila neno. Mgeni hajafika barabarani, sufuria ya mbaazi ikawa jikoni.

Sasa Neusa amejitwalia bwawa dogo la nyuma. Anachanganya mbaazi zake za kuchemsha na dagaa. Nimemwachia ajifurahishe.

Mimi nina mbinu. Silishi kitu mpaka Jumamosi. Perege mwenye njaa atarukia hata jiwe! Nimejicheka peke yangu mpaka Neusa akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku gani hii!

Shemeji Odete kaja na khanga mpya na miwani ya jua. Hata hajarusha kitu, perege wakaanza kuruka! Wakarukia kivuli chake. Wakarukia jani. Mmoja akarukia kandambili ya Gideoni, aliyekuja kuchungulia, naye akapiga yowe kama mtoto. Shemeji akapiga vigelegele. Machozi yakanitoka, kweli kabisa.

Nikamkabidhi bakuli la kijani. Akarusha. Bwawa likachemka! Kisha kimya. Kisha pu! Pu! Pu! Wametema wote kwa pamoja, na tonge moja likatua kwenye miwani ya shemeji.

Bata wa Gideoni wakapenya uzio. Wakaingia bwawani kwangu, wakakomba kila kitu. Hawakutema hata punje.

Shemeji akafuta miwani, akawatazama. "Jamani, hawa bata wa nani? Mbona wamenona hivi?"

Gideoni akasema ni wake. Akapewa oda ya bata palepale, yeye ambaye hajawahi kuwatazama mara mbili!

Halafu Neusa akamshika dada yake mkono, akampeleka bwawa dogo. Perege wake wakaruka, wakala, wakameza. Samaki wa Madimba watatoka kwa Neusa; bwawa la Gideoni shemeji hata hakulifikia. Mimi nitabeba ndoo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetafakari. Chakula changu hakina kosa lolote. Kilichopungua ni utamu! Nani anakula mbaazi kavu bila kitu kitamu?

Tangu Jumapili nimeloweka mabibo makavu ya mikorosho kwenye pipa, nje juani. Yametoa povu zuri. Neusa akanusa, akarudi nyuma hatua moja. "Baba Lucinda, huu ni uraka. Unawapa samaki pombe!" Nikamwambia ni vitamini.

Asubuhi nimemimina ndoo nzima, na unga wangu juu yake. Hajatema hata mmoja! Wanaogelea kwa ubavu, polepole, kwa adabu. Wengine wamegeuza tumbo juu, wanaota jua. Sijawahi kuona samaki walioridhika namna hii.

Kesho naongeza ndoo ya pili.