Mimi Ndiye Kotabeki wa Garissa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Joto la kukausha mate. Lakini mimi niko baridi kabisa. Mechi nne, nimeshinda zote nne!

Niandike vizuri, ili watakaosoma daftari hili nikishakuwa mtu mkubwa waelewe. Abti Awil, ndugu yake mama, alikuja kutoka Minneapolis mwezi wa kumi na mbili na sanduku la mipira yenye umbo la yai. Huko Marekani mchezo wake wanauita mpira wa miguu, ingawa mguu hauna kazi. Unabebwa, unatupwa. Kila mchezaji anafunga vitambaa viwili kiunoni. Ukinyofolewa kimoja, umekamatwa, simama hapo hapo. Ukifika nao mwisho wa uwanja ni bao, na kila bao ni pointi sita. Anayeendesha mambo yote haya anaitwa kotabeki. Yeye ndiye anayeamua mpira uende kwa nani. Kotabeki wa timu ya mtaa wetu, Bulla Iftin, ni mimi, Dekow, mwenye duka la fotokopi.

Timu ya pili ni ya soko la mifugo. Kotabeki wao ni Aweys, mchungaji wa mifugo kutoka Kotile. Ana mkono. Nakiri, kwa kuwa hapa naandika siri. Tangu mdogo anawapiga fisi kwa mawe, na sasa anatupa mpira kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, unapita juu ya migunga ukipiga mluzi. Lakini kacheza mechi nne, kashindwa zote nne! Wenzake wakiuona mpira wake unakuja wanalala chini. Mmoja alisoma shahada, akidhani anakufa. Na mwenyewe hasemi kitu. Maneno kumi kwa siku, na matano ni salamu.

Mimi situpi sana. Namkabidhi Nunow, mwenye miguu ya swala, naye anakimbia mpaka mwisho. Msimu huu nimetupa mara tatu tu. Mpira mmoja ulimfikia mtu. Alikuwa refa.

Sasa habari yenyewe. Abti anarudi Marekani Jumatatu ijayo. Jumamosi timu zetu mbili zinaungana kucheza na vijana wa kambi ya Hagadera. Atakayechaguliwa kotabeki wa siku hiyo ndiye atakayeachiwa timu, sanduku la mipira na filimbi. Filimbi! Nina miaka thelathini na moja. Niligombea uenyekiti wa kamati ya kisima nikapata kura moja. Mama alikuwepo, na alipiga kura. Nataka kuongoza kitu kabla sijafa. Kitu chochote.

Jumanne, 4 Februari

Abti kashindwa kuamua. Anasema hata huko Minneapolis wanaume wazima wamegombana kwa vinyozi miaka nenda miaka rudi juu ya jambo hili hili: kotabeki apimwe kwa mkono wake au kwa ushindi wake? Nikamwambia, Abti, hilo lina jibu. Akaniambia, abti, tulia (naye ananiita abti vilevile, ndivyo tunavyoitana). Kikao ni Alhamisi kwenye hoteli ya chai ya dada yangu Ramlo. Mwamuzi ni Mzee Kulow, dalali wa ngamia. Sifa yake ni kwamba hajawahi kuona mechi hata moja, kwa hiyo hana upande.

Mpango wa kwanza: kuongeza ushindi. Niliwaalika makarani wa ofisi fulani, watu wa vitambi, tucheze saa tisa na nusu. Saa hiyo sikuichagua kwa bahati tu! Mara ikaadhiniwa. Sote tukaenda kuswali. Sisi tukarudi uwanjani, wao wakapitia chai. Kama nilivyojua. Nunow akakimbia peke yake mpaka mwisho, akageuka kutazama kama kuna mtu. Hakuna. Sita kwa sifuri. Mechi tano, nimeshinda zote tano.

Ramlo kasema kuwashinda watu ambao hawapo si kushinda. Nikamjibu kwamba kiongozi hupanga. Akasema basi nipange vikombe.

Jumatano, 5 Februari

Mpango wa pili. Nimekwenda soko la mifugo na jagi la maziwa ya ngamia kutoka kwa Ramlo (hajui). Mzee Kulow alikuwa chini ya turubai lake. Nikamwita adeer, yaani baba mdogo, mara kumi na mbili, nilihesabu. Nikamweleza kwa lugha yake. Adeer, nikasema, mimi si ngamia mwenye mbio, wala si mwenye nundu kubwa. Mimi ni yule anayetangulia, aliyevishwa koor, ile kengele ya mti, wengine wakaisikia na kumfuata.

Mzee akaacha kunywa. Akaniuliza kama nina hakika mimi ni ngamia wa kengele. Nikasema wallahi. Akauliza tena. Wallahi! Akanishika shingo, akaipima kwa vidole, akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Haya. Mimi nimekujua sasa."

Kanijua! Nimerudi mjini nikipiga mluzi. Sikumbuki jagi nililiacha wapi.

Alhamisi, 6 Februari

Kikao kimefanyika. Hoteli imejaa mpaka mlangoni. Nimesema dakika arobaini bila karatasi. Kwamba mkono ni mkono tu. Kwamba kama ni nguvu, hata punda ana teke lakini hatumpi timu. Kwamba mtu mzuri ni yule ambaye mwisho wa mechi wenzake wanacheka, si yule ambaye mpira wake unasifiwa huku wenzake wamelala kifudifudi. Kwamba kiongozi huonekana mambo yakiharibika. Hii ya mwisho niliisema mara mbili, na Abti aliitikia kwa kichwa.

Aweys akaitwa. Akasimama. Akasema, kwa ule ulimi wake wa Kisomali usiojua herufi p, "Mimi natuba mbira. Wao nakimbia." Akaketi. Watu wakacheka, lakini kwa mapenzi, na hilo lilinikera kuliko kama wangempigia makofi.

Ndipo Mzee Kulow akaanza kuhukumu kwa njia anayoijua. Akatufungua midomo, akatazama meno. Akatutembeza hadi jikoni na kurudi. Akaniinua mguu mmoja akakagua wayo. Alipofika kwenye mkono wa Aweys akaubonyeza, akashusha pumzi, akaubonyeza tena bila sababu. Kisha akatamka. Mkono uko kwa Aweys, hilo halina mjadala. Lakini Dekow kaapa kwa kinywa chake kwamba yeye ni ngamia wa kengele, na aliyeapa asizuiwe. Jumamosi Dekow atangulie.

Akafungua mfuko wake akatoa koor, imechongwa kwa mti, kubwa kama sufuria ya ugali wa watu wanne. Akanifunga shingoni. Sharti moja: nisiivue hadi mechi iishe. Nililia kidogo. Nilisingizia moshi.

Ramlo akamwuliza, kwani ngamia hufungwa kengele kwa nini? Mzee akasema hufungwa wa aina mbili. Yule anayeongoza, na yule anayepotea kila siku, ili apatikane. Ramlo akauliza, na Dekow ni yupi? Mzee akasema kengele yenyewe itasema. Sikusikiliza sana. Nilikuwa natafuta kioo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimevaa kengele kutwa, isipokuwa msikitini. Mama kaniomba niivue wakati wa chakula. Nimekataa, sharti ni sharti. Wateja wawili wa fotokopi wameondoka wakisema nawachanganya. Mbuzi watatu wa jirani wamenifuata hadi dukani, wakasimama mlangoni wakinitazama kwa heshima.

Dalili njema!

Jumamosi, 8 Februari

Naandika Hagadera, gari letu limepata pancha. Wenzangu wako upande ule wanaimba. Mimi niko upande huu.

Watu walijaa. Mikokoteni ya punda ilipangwa pembeni mwa uwanja, wazee wakaketi juu yake. Mzee Kulow katikati yao, kaja na kiti chake. Nikaingia wa kwanza, kengele inalia kolong, kolong, na watu wakashangilia. Dakika moja hiyo sitaisahau.

Baada ya hapo, majanga. Mpango wangu wa tatu ulikuwa hila: naficha mpira ndani ya shati, natoka kimyakimya upande wa kushoto wakati Nunow anakimbilia kulia. Kimyakimya! Kolong, kolong, kolong. Vijana wa Hagadera hawakuhangaika hata kuutafuta mpira. Walitega sikio tu. Nilinyofolewa vitambaa mara kumi na moja. Mmoja wao alinikamata akiwa kafumba macho, ili kuwafurahisha wazee. Mapumziko: kumi na nane kwa sifuri, sifuri ni sisi.

Nikavua soksi nikaishindilia ndani ya kengele. Sasa ikawa na sauti ya ng'ombe mwenye kikohozi, na ilisikika mbali zaidi.

Kipindi cha pili, kundi la ngamia lilikuwa linapita kutoka kisimani. Wakasikia. Wakasimama. Arobaini, shingo zote zikageuka upande mmoja. Kisha wakaja. Nikakimbia, na nilivyozidi kukimbia ndivyo kengele ilivyozidi kulia, na ilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuja. Nilizunguka uwanja mara mbili. Punda wakaanza kupiga kelele, wazee wakaruka kutoka mikokotenini, refa akapanda mti. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na wafuasi, na sikuwataka hata mmoja.

Ndipo nikasikia sauti. Kubwa, tulivu. Sikujua ni ya nani. Ilikuwa ya Aweys! "Dekow, simama! Nunow, wewe beleka bunda kule! Nyinyi wote kaa chini, msikimbie!" Nikasimama. Wote walitii, hata Abti. Akaja akinguruma ule wimbo wa wachungaji wa kunyweshea ngamia, akanivua koor shingoni, akatoa soksi yangu akanipa bila kuitazama, akatangulia akiigonga polepole. Ngamia wote arobaini wakamfuata hadi kwa mchungaji wao. Akarudi, akamkabidhi Mzee Kulow kengele yake.

Nikadhani sasa atanyamaza. Hakunyamaza! Akasimama pale pangu, nyuma, akampanga kila mtu. Akawaambia, "Mbira si fisi. Usilale. Nyosha mkono, mimi nitatuba bole." Na kweli alitupa polepole, namna mtu anavyomrushia mwenzake mkate. Nunow akadaka. Yule aliyesoma shahada akadaka. Bao, bao, bao. La nne likaja dakika ya mwisho, akautupa ule wa zamani, wa mluzi, kutoka mwisho hadi mwisho, na Nunow hakulala. Ishirini na nne kwa kumi na nane. Walimbeba Aweys mabegani. Mimi nilikuwa pembeni na mate ya ngamia mgongoni.

Jumapili, 9 Februari

Abti kampa Aweys sanduku na filimbi. Nimeumia. Naandika hivyo hivyo, nimeumia. Nimelala asubuhi yote nikiutazama ukuta, na mama kaniletea chai bila kuniuliza kitu, jambo ambalo si kawaida yake.

Ramlo yeye kaniuliza. Kumbe aliikariri hotuba yangu ya Alhamisi! Kaisema yote. Mwisho wa mechi wenzake wanacheka: ni nani aliyewachekesha jana? Kiongozi huonekana mambo yakiharibika: jana yaliharibikia kwa nani, na ni nani aliyeonekana? Kwa kipimo changu mwenyewe, kasema, Aweys kashinda na kaongoza, na mkono alikuwa nao tangu mwanzo. Nikamwambia sijisikii vizuri. Akaniuliza jagi lake liko wapi.

Lakini nimempigia Abti, na Abti kakubali kwamba huko Marekani ushindi huandikwa kwa jina la kotabeki aliyeanza mechi. Aliyeanza! Ni nani aliyeanza? Mechi sita, nimeshinda zote sita.

Baada ya alasiri Aweys kaja nyumbani. Salaam aleikum, kakataa kuketi, kakataa chai. Kaniambia anahitaji mtu wa kati, yule anayeinama na kuupitisha mpira katikati ya miguu yake hadi kwa kotabeki aliye nyuma. Kasema, "Wengine wananiogoba. Wewe ulisimama nikisema simama." Nikamwuliza kama ni huruma. Akafikiri sana, mtu yule hajui kudanganya. Akasema kidogo. Lakini pia kwamba mbele ya ngamia arobaini sikuutupa mpira. Ni kweli, ulikuwa bado ndani ya shati. Nikajifanya nafikiria, nikakubali. Tukashikana mikono. Ana kiganja kama ubao.

Nilifurahi. Nilifurahi sana.

Halafu, alipoondoka, nikaanza kuwaza. Huyu mtu wa kati. Mpira unaanza mkononi mwa nani? Mwake. Kotabeki afanye nini kabla hajapewa? Hafanyi kitu! Anasimama nyuma, mikono wazi, anangoja. Mkono wote ule wa Kotile unangoja ruhusa ya nani? Timu nzima haisogei mpaka mtu mmoja aamue, na mtu huyo yuko mbele ya wote, ingawa kainama.

Kesho Abti akishaondoka tu, nitaitisha kikao kipya. Hotuba iko tayari. Dakika hamsini.