Bingwa Wangu wa Bwawani

Jumatatu, 3 Februari 2025

Muthoni ametundika picha mpya dukani kwake. Kubwa kama mlango wa friji. Mkimbiaji wake na medali, Muthoni na meno yote. Wateja wanasimama kuitazama, wanatoka na magunia mawili ya chakula cha kuku. Kwangu, ng'ambo ya barabara, wanauliza bei ya dawa ya kupe na kusema watarudi.

Mji huu kila mtu ana mkimbiaji anayemdhamini. Kinyozi ana wake. Hata fundi wa viatu! Mimi niliyekuja Burnt Forest kuvunia watu mahindi, leo nina agroveti yenye milango miwili, na sina hata mrusha mkuki.

Nimeamua. Natafuta bingwa.

Jumanne, 4 Februari

Nimempata! Lakini hakimbii. Anaogelea.

Anaitwa Nabalayo. Anafundisha watoto wa mtaa wa Elgon View kuogelea kwenye hoteli moja. Alikuja kununua mafuta ya kukamulia, mikebe sita mikubwa. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Hana hata mmoja. Anajipaka mwenyewe! Mwili mzima, ngozi isichubuke na baridi isimmalize akiogelea lile bwawa la nyuma ya Kapseret. Nilidhani ni mgonjwa. Kumbe tarehe 15 anataka kulivuka kwenda na kurudi, kilomita kumi, bila ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi. Hakuna mwanamke amewahi. Akifaulu mbele ya msimamizi wa chama cha waogeleaji, anaandikwa miongoni mwa wale watakaovuka Ziwa Victoria mwezi wa saba. Asipofaulu, nafasi inaenda kwa mwingine. Ni miaka mitatu anajitayarisha.

Nikamwambia kuanzia leo mimi ni meneja wake. Akasema, "Sitafuti meneja, Mama Ronnie, natafuta mafuta." Nikamwongezea mkebe wa saba. Akaupokea. Nimechukulia amekubali.

Alhamisi, 6 Februari

Mchezo huu siuelewi. Kilomita kumi wakimbiaji wa hapa wanamaliza kwa nusu saa. Nabalayo anasema saa nne nzima. Nimepiga hesabu mara mbili. Mara nane zaidi! Nikamwomba tuambiane ukweli, huwa anapumzika njiani? Akasema maji si lami. Sasa hilo ni jibu?

Lakini mbio zina dawa yake. Wakimbiaji wakubwa wote wana mtu wa kuwavuta mbele. Nimemtafuta Jeruto, msichana wa mbio za barabarani. Atakimbia ukingoni, Nabalayo akimtazama.

Jumamosi, 8 Februari

Mazoezi. Jeruto alifika mwisho wa bwawa, akafunga viatu upya, akarudi, akauliza mwogeleaji ako wapi. Nikamwonyesha kitu cheusi kule mbali kama kifuniko cha sufuria. Akauliza, "Huyo anaenda ama anarudi?" Sikuwa na hakika. Jeruto akaenda zake kukamua ng'ombe.

Nabalayo alipotoka alisema hakuona mtu. Uso wake huwa ndani ya maji. Kwa hivyo anakwenda bila kuona! Na bado anafika! Nimerudi nyumbani na kichwa kinauma.

Jumanne, 11 Februari

Bwana Mukhwana, yule msimamizi, amekuja kutoka Kisumu. Firimbi shingoni, hacheki. Akatueleza sheria. Mwogeleaji atapewa uji kwa chupa iliyofungwa kwenye ufito mrefu. Asishike mashua. Asiguswe na mtu yeyote mpaka asimame nchi kavu kwa miguu yake. Akiguswa, kazi yote ni bure. Nikauliza sababu. Akasema ndiyo sheria.

Nimewaza mchana kutwa. Ni yale mafuta. Ukimshika, atateleza. Sheria nzuri, lakini hainihusu. Mikono yangu imezoea ng'ombe.

Jioni Muthoni akavuka barabara, akaniuliza mbele ya wateja, "Mama Ronnie, samaki wako anakula nini?" Wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Nikamwambia aje Jumamosi ajionee. Kosa! Amesema atakuja, tena na mursik.

Sasa kila mtu hapa anajua. Bingwa akirudi, kabla ya salamu, kabla ya mama yake, ananyweshwa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni. Na anayemnywesha ndiye anayeingia kwenye picha. Muthoni anataka kuniibia bingwa wangu! Nami nimenunua kibuyu.

Jumamosi, 15 Februari

Nabalayo aliingia majini saa moja asubuhi, aking'aa kama chapati. Mukhwana akafuata kwa mashua. Basi. Hakuna kingine. Saa ya kwanza, maji. Saa ya pili, maji. Vijana wa bodaboda wakaondoka, wakarudi na wengine. Kila mmoja aliniuliza nani anaongoza. Nikasema ni Nabalayo.

Karibu saa tano kichwa kikaonekana. Watu wakasogea ukingoni. Mama mmoja wa Kapseret, aliyekuwa akicheka tangu asubuhi, akaanza kuita, "Njoo mama! Njoo tu!" Hata mimi nikaita naye, siwezi kukataa. Mkono mmoja, mwingine, mmoja, mwingine. Saa nne bila kusimama!

Ndipo nikamwona Muthoni, kibuyu mkononi, anavua viatu.

Nikavua vyangu. Akaingia mpaka kifundo. Nikaingia mpaka goti. Akaja gotini. Nikaenda kiunoni. Sijui kuogelea, lakini pia sijui kushindwa. Nikafika wa kwanza! Nikamkumbatia Nabalayo shingoni, akateleza, nikamkamata tena, nikamtia kibuyu mdomoni. Firimbi ikalia. Nikadhani ni ya ushindi. Nikapunga mkono.

Zilikuwa zimebaki mita nane.

Mukhwana akasema haihesabiki. Nabalayo akasimama majini, mursik ikimtiririka kidevuni, akanitazama. Kisha akalia kama mtoto. Muthoni akamfunika blanketi, akamshika mkono mpaka nje. Blanketi lenye jina la duka lake! Hata kwenye machozi anatangaza biashara!

Jumatatu, 17 Februari

Nabalayo alikuja dukani. Hakusalimia. Mukhwana amempa nafasi nyingine moja tu, tarehe 1 Machi, maana kosa halikuwa lake. Lilikuwa la nani, sasa? Sikuuliza. Akasema siku hiyo asinione ukingoni. Akarudia, "Ukingoni, Mama Ronnie. Nisikuone." Macho mekundu. Nikaapa. Akalipia mafuta yake mwenyewe, akakataa mkebe wa bure. Hapo nikaumia kidogo.

Jumatano, 19 Februari

Nimelifikiria jambo hili bila hasira, kama mfanyabiashara. Shida yote ilikuwa msongamano. Watu wawili, vibuyu viwili, mahali pamoja.

Tarehe moja hakuna atakayeniona ukingoni. Nimeapa, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Leo nimeanza kujifunza kuogelea, hoteli nyingine ili Nabalayo asijue, pamoja na watoto wa darasa la pili. Nimekunywa maji mengi. Lakini nimeelea! Nitamlaki katikati ya bwawa, mahali Muthoni hawezi kufika.

Kibuyu nacho nimekijaribu. Kinaelea vizuri kuliko mimi.